Kipengele cha Kumi na Moja

Hodo alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa wake: hakujua kujisifu. Si kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa nesi pekee katika zahanati ya Bulla Kerrow, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Habaswein barabara ikiwa kavu, na nesi mwoga asingemaliza wiki pale. Lakini mpe fomu, umwambie ajipe alama, utaona kalamu inavyomganda mkononi.

Na mkataba wake wa ajira ulitaka ajipe alama. Shirika lililoendesha zahanati lilikuwa na makao yake Nairobi, na huko Nairobi mtu fulani, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, alikuwa ameandika kipengele cha kumi na moja. Kipengele hicho kilisema nyongeza ya mshahara haitolewi kwa kuzeeka kazini, inatolewa kwa anayestahili. Kila Desemba mfanyakazi anajipima mwenyewe, kuanzia moja hadi tano. Msimamizi anaweza kupunguza alama hizo, lakini hawezi kuziongeza. Anayefikisha nne anapanda daraja la mshahara. Asiyepanda miaka mitatu mfululizo, mkataba wake haufanywi upya.

Maneno matamu hayo ya kustahili! Aliyeyaandika hakuwahi kuishi na watu ambao, ukimsifia mtoto wao bila kusema mashallah, wanamfunika uso haraka na kukutazama vibaya. Hodo alilelewa Garissa na nyanya ambaye hata idadi ya mbuzi wake hakuitaja kwa sauti, kwa kuogopa jicho la husuda. Halafu umwambie mtu wa malezi hayo aandike kwa wino kwamba yeye ni hodari wa kuzalisha? Mama akijifungua salama, aliyemsalimisha ni Mungu. Hodo alishika taulo tu. Ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyojaza. Mwaka wa kwanza alijipa tatu kuanzia juu hadi chini. Mwaka wa pili, tatu tena.

Mwenzake Abdiqani, mtunza stoo ya dawa, hakuwa na taabu hiyo. Siku afisa wa Nairobi alipokuja kuwafundisha kujaza fomu, Abdiqani alinyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kisomali.

"Madam, hii ya unyenyekefu, naweza kujiba tano?"

Madam alimjibu kwamba anaweza, kama anaona anastahili. Abdiqani akajipa tano, na pembeni akaongeza alama ya mshangao. Mwaka huo alipanda daraja, ingawa panya wa stoo yake walikuwa wamenona kuliko wagonjwa.

Hodo alicheka pamoja na wengine. Lakini mwaka wa tatu ulipofika, kicheko kilimkauka. Ukame wa mwaka elfu mbili ishirini na mbili ulikuwa umemaliza mifugo ya kwao, na tangu hapo mama yake na wadogo zake wanne kule Garissa walikuwa wakila kwa mshahara wake, hakuna kingine. Zaidi ya hapo, aliyemtangulia Bulla Kerrow alipoondoka, mlango wa zahanati ulikaa na kufuli miezi kumi na moja. Kina mama walikuwa wakijifungulia nyumbani au njiani. Hodo alijua majina ya wale ambao hawakurudi.

Wiki ya kwanza ya Desemba msimamizi wake, Zakariye, alikuja kutoka Habaswein na fomu mkononi. Alikuwa mtu mzuri, mwenye kitambi kidogo na maneno mengi. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa akamwambia kwa Kisomali, lugha yao wote wawili:

"Mwaka huu sitoki hapa mpaka niione nne. Usijidhulumu, walaalo, ndugu yangu, na usinidhulumu mimi. Nikikupoteza, nani atakubali kuja kukaa huku?"

Hodo aliinamisha kichwa akaanza. Kufika kazini kwa wakati, nne. Usafi wa wodi, nne. Kila namba aliyoandika aliifuatishia astaghfirullah ya kimoyomoyo. Zakariye alikuwa akihesabu kwa vidole na kutabasamu. Kisha wakafika kwenye kisanduku kilichouliza ni akina mama wangapi waliofariki chini ya uangalizi wa mfanyakazi mwaka huo, na kalamu ikasimama.

Chini ya kisanduku, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hata kifo kimoja kikitokea, alama za mwaka haziwezi kuvuka tatu.

"Ramlo," alisema Hodo.

"Ramlo alitoka hapa hai," alisema Zakariye. "Fungua rejista yako uone ulivyoandika mwenyewe."

Hakuhitaji kuifungua. Ilikuwa Novemba, mvua zimepamba moto. Ramlo, mama wa watoto wawili, alifika asubuhi akitokwa na damu kabla hata uchungu haujaanza. Ndani ya dakika tano Hodo alijua hilo haliko ndani ya uwezo wa zahanati. Alimtundikia dripu mikono yote miwili, akaita ambulensi, akaandika kwenye rejista *Rufaa, Habaswein*, akapanda naye. Wakafika kwenye lagha, ule mkondo ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu na watoto huchezea mpira ndani yake. Siku hiyo maji yalikuwa kifuani pa ngamia. Dereva alizima gari. Walisubiri yapungue tangu saa tano. Saa tisa na nusu Ramlo alimshika Hodo mkono akamuuliza kama watoto wamekula. Hodo akasema wamekula, ingawa hakujua. Ramlo hakuuliza kitu kingine.

"Hakufia zahanati," Zakariye aliendelea, sauti ameishusha. "Hakufia hospitali, maana hakufika. Amefia njiani kwa amri ya Mungu, na barabara haina fomu. Kuna uongo gani hapo?"

Hodo aliutafuta uongo asiuone. Ukitazama maneno, kila moja lilikuwa la kweli. Akaandika sifuri. Ilikuwa sifuri ndogo kuliko namba zote alizoandika siku ile. Zakariye alimshukuru Mungu kwa sauti, akajaza upande wake, akaondoka kabla nesi wake hajabadili nia. Hodo alikwenda kunawa mikono, akanawa tena.

Wiki mbili baadaye Zakariye alirudi na barua. Mkataba mpya wa miaka mitatu, daraja moja juu. Kilichobaki ni saini ya Hodo. Alikuwa ameshaichukua kalamu pale hodi ilipobishwa mlangoni, mwanamke mzee akaingia, vumbi limemfika magotini. Alikuwa Osob, mama yake Ramlo. Hodo alisimama.

"Assalamu alaykum, eddo. Karibu uketi."

Eddo ni shangazi, na huko kila mwanamke wa umri ule ni shangazi yako, awe wa damu au la. Osob alijibu salamu, akaketi, akaeleza haja yake bila kuzunguka. Wajukuu wake wawili alikuwa nao yeye sasa. Baba yao yuko Rhamu, analimia watu vitunguu kando ya mto. Shule ikifunguliwa Januari, mayatima wataandikishwa kwa msaada wa karo na chakula. Chifu amekataa kuwaandika, kwa sababu kwenye karatasi zake mama yao yungali hai.

"Nilimwambia chifu aandike yeye kwamba amekufa," alisema Osob. "Akasema kifo cha nyumbani ndicho chake. Huyu alikuwa ndani ya gari la hospitali. Nikaenda Habaswein. Wakafungua vitabu, watu wazuri, walinipa hata maji. Wakasema hawakumpokea mtu wa jina hilo. Basi nimekuja kwako, binti yangu, kwa kuwa wewe ulikuwapo. Mmemwandika wapi Ramlo?"

Hakuuliza kwa hasira. Laiti angekasirika! Aliuliza tu, kama mtu aliyesahau mahali kilipowekwa kitu chake, akangoja aonyeshwe.

Hodo aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alikuwa amemzika Ramlo mara ya pili, tena kwa nne kadhaa na sifuri moja, na mwenye mtoto amekuja kwa miguu kuuliza kaburi liko wapi. Alivuta droo akatoa kitabu cha taarifa za vifo. Kilikuwa kipya, hata mgongo wake haujavunjika.

Zakariye alimsogelea. "Hodo, tafadhali tuongee kwanza."

"Ongea."

"Ukiandika hapo, nakala inakwenda Nairobi. Itaonyesha Novemba, na jina lako chini. Siwezi kujifanya sikuona. Nitalazimika kukukata hadi tatu, na hii ni mara ya tatu. Unaelewa? Mwisho wa mwezi huu huna kazi." Akapangusa jasho. "Mwambie arudi mwakani. Tutatafuta njia, chifu ni mtu wa kuongea naye."

"Shule inafunguliwa Januari."

"Na hapa, je? Miezi kumi na moja ya kufuli, umeisahau?"

Hakuisahau. Ndiyo iliyokuwa ikimzuia kuandika. Kama ingekuwa mshahara tu, angeweza kujikaza. Angempigia mama yake simu Garissa, walie pamoja, kisha aanze kutafuta. Lakini Zakariye alikuwa amesema kweli, na Hodo alimchukia kidogo kwa hilo. Aliandika hata hivyo. Aliandika jina, umri, tarehe. Kwenye mahali pa kifo aliandika *Ndani ya ambulensi, chini ya uangalizi wa zahanati hii.* Kwenye saa aliandika saa tisa na nusu alasiri. Akatia saini, akagonga muhuri, akachana karatasi ya juu akampa Osob.

Zakariye alisimama akiitazama nakala iliyobaki kitabuni. Kisha akairudisha ile barua ndani ya bahasha. Alitoa fomu ya Hodo kwenye mkoba wake, akapiga mstari juu ya sifuri, akaandika moja, na chini kabisa akaandika tatu. Alifanya yote hayo bila kumtazama usoni. Akatoka kwenda kwenye gari.

Osob hakujua kusoma. Alimwomba Hodo amwonyeshe jina la Ramlo, akaweka kidole juu yake akakiacha hapo.

"Huyo mtu amekasirika," alisema, kidole bado kipo.

"Amehuzunika, eddo."

"Nimewasikia. Bishara wangu ana mimba ya miezi saba. Mwezi wa pili wewe utakuwa hapa?"

Bishara alikuwa binti yake mwingine, wa mwisho, na sasa wa pekee. Hodo ndiye aliyekuwa akimpima kila mwezi.

"Hapana. Mkataba wangu unaisha mwezi huu."

"Kwa sababu ya karatasi hii?"

Hapo angeweza kutafuta maneno mengine ya kweli, kama yale ya Zakariye. Yalikuwapo. Hodo alikuwa ameyachoka.

"Kwa sababu ya karatasi hiyo."

Osob aliondoa kidole. Aliishika karatasi kwa mikono miwili akamnyooshea Hodo.

"Ichukue. Mwite huyo mtu kabla hajaondoka. Ramlo hahitaji nesi tena."

"Na shule ya watoto?"

"Watoto wataishi bila shule. Wengi tumeishi. Ichukue, Hodo, nakuomba."

Hodo aliweka mikono nyuma ya mgongo. Hakuwahi kuombwa hivyo na mtu wa umri wa mama yake, na hakujua ajifiche wapi. Dirishani alimwona Zakariye akifuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi. Alikuwa akingoja kuitwa, maskini, na alikuwa tayari kungoja sana.

"Eddo, nikiichukua leo," alisema Hodo, "halafu Bishara atokwe na damu mwezi wa pili, na yeye nitamwandika rufaa. Nitakuwa nimeshajua kuandika hivyo."

"Na usipokuwapo," alisema Osob, "nani atampandisha gari?"

Hodo alibaki ameweka mikono nyuma ya mgongo, macho dirishani. Zakariye alikunja kitambaa chake, akafungua mlango wa gari, akakaa ndani na mlango wazi, akaufunga, akawasha. Gari likageuka polepole mbele ya zahanati likashika njia ya Habaswein.

Osob alingoja mpaka sauti yake ikapotea. Ndipo alipoikunja karatasi, mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya mtandio wake. Hakumshukuru, na Hodo hakutarajia shukrani. Alipofika mlangoni alisimama, akauliza bila kugeuka kama Bishara aje kupimwa wiki hii au ijayo.

"Aje kesho," alisema Hodo. "Aje kila siku mpaka niondoke."