Nguo za Jedidah

Sasa huyu Sylus wa pale Mraru, siku hiyo ya mwaka wa tisini na sita kiti kilimkataa kabisa. Anakaa, anasimama, anaenda mlangoni, anarudi. Yeye alipougua ukimwi, mkewe Jedidah alimwogesha na kumnywesha uji miezi minne, na majirani wakaleta kuku. Leo Jedidah amepimwa, naye pia anao, na mamake Sylus anamfungia nguo arudishwe kwao Wundanyi.

"Mke mgonjwa anauguzwa kwa mamake," mama akasema.

"Na mimi niliuguzwa wapi?"

"Wewe ni mwanamume, baba."

Sylus akatoa shati lake kwenye msumari, akaliweka juu ya zile nguo.

"Basi funga na hili, mama. Ugonjwa nilimletea mimi."