Nyumba ya Petra

Hilmar alipokaribia kukata roho aliwaita wavuvi wa kisiwa kitandani kwake, akawatajia siri aliyoificha maisha yake yote: mahali wanapolala kveite, wale samaki bapa wenye ukubwa wa meza.

"Mkitazama kutoka baharini, mnara wa kanisa ukae juu ya paa la nyumba ya Petra," alisema, "na Jiwe la Kunguru liguse ncha ya Kisiwa cha Kondoo. Hapo shusheni mishipi."

Wakaenda. Wakaupanga mnara juu ya nyumba anayoishi bibi Petra, ile ya njano, wakaambulia patupu. Wakarudia kiangazi kizima, wapi! Tangu hapo mtu akidanganya dukani anaambiwa, "Umeanza za Hilmar." Ragnfrid, binti yake, mpishi wa shule, alisikia, na maneno yale yalimchoma. Baba alikuwa mkali, mbishi, na tabasamu lake lilikuwa la Krismasi tu. Mwongo hakuwa.

Jumamosi moja ya Juni aliitoa mashua ya marehemu, akawachukua marafiki zake wawili aliosoma nao tangu utotoni: Aslaug, msusi, na Torleif, mwenye mashua kubwa kuliko zote pale. Torleif huyo ndiye aliyeuanzisha msemo wa dukani. Alikuwa rafiki hata hivyo. Kisiwa cha watu mia mbili hakikupi nafasi ya kuchagua.

Kufika saa sita mchana, palepale pa nyumba ya njano, walikuwa na samaki wawili, wa kumpa paka.

"Nahodha, kahawa nayo imeisha," Torleif akachokoza. "Mzee alituweza, bwana! Kafa anatucheka."

"Rudia nikutose," alisema Ragnfrid.

"Mwacheni apumzike," alisema Aslaug, akipanga jibini ya kahawia juu ya mkate. "Petra mwenyewe alicheka aliposikia. Eti Hilmar alipagundua hapo ana miaka kumi na saba, wakati yeye Petra hajaolewa bado."

Ragnfrid aliacha kutafuna. "Hajaolewa? Si nyumba ya njano ni ya mumewe?"

"Ndiyo. Yeye kwao ni ile nyeupe ya mlimani. Ya mzee Anfinn, baba yake."

"Sasa mbona baba yangu aiite ya Petra?"

"Shoga!" Aslaug alimtazama kwa huruma. "Kijana wa miaka kumi na saba anaiita nyumba ya mzee wa watu kwa jina la binti, na wewe unauliza mbona?"

Torleif alicheka mpaka akapaliwa. Ragnfrid alikuwa keshawasha injini.

Walisogea kaskazini taratibu, mpaka mnara ukatua juu ya paa la nyumba nyeupe na jiwe likagusa ncha ya kisiwa. Akashusha chambo. Hapa pakiwa patupu, hakuna tena pa kumtetea baba.

Mshipi ukavutwa.

Ilichukua karibu saa nzima. Alivuta, akaachia, akavuta tena, akakataa kupokewa ingawa mabega yalimwaka moto. Kveite alipoibuka, mweupe tumboni, mpana kuliko meza yoyote ya jikoni, Torleif alimpiga kulabu, na watatu wakamwingiza kwa shida, wakaanguka juu yake wakipiga kelele kama watoto.

Mashua nyingine iliyokuwa ikipita iliwaona. Redio ya upepo ikakoroma: "Torleif! Mmempata wapi huyo?"

Swali hilo baharini halijibiwi. Hata mchungaji akiulizwa hudanganya. Torleif alimwangalia Ragnfrid, akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akabonyeza kitufe cha redio.

"Kwa Hilmar. Palepale alipotuambia. Mzee alisema kweli, jamani, msikie nyote. Aliyesema uongo ni mimi."

Fahari ilimjaa Ragnfrid mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akashika usukani, kifua mbele, akaelekea bandarini polepole, ili kila aliyesimama gatini apate muda wa kutosha wa kutazama.