Roboti Lenye Sauti ya Mjomba Laurenti

Roboti la kufundishia watoto katika kituo kile cha Kihonda lilikuwa na sauti ya mtangazaji aliyekunywa soda tatu. "Halooo rafiki yangu mpendwaaa!" Mdogo wangu Mwanvita, mwenye usonji, akaziba masikio na kuingia chini ya meza. Siku ya nne hiyo.

"Leo mwisho," akasema Evance, fundi wa roboti. "Asipofuata agizo la roboti hata moja, nafasi yake anapewa mwingine."

"Kaka Evance, sauti hiyo hata mimi inanitafutisha meza."

"Wewe umesomea sauti?"

"Nimeishia fomu foo. Masikio nilizaliwa nayo."

Mama akanifinya.

Simu yangu ikalia: ujumbe wa sauti kutoka mlimani, wa Mjomba Laurenti. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama huulizwa kwanza. Mama hakumuuliza kabla ya kumleta Mwanvita hapa. Tangu hapo salamu zimekatika. Nikaufungua makusudi, Evance naye apate fungu lake la lawama.

"Prisca. Mwambie mama yako. Mtoto wa ukoo. Hafundishwi na kopo."

Polepole, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu kabichi. Mwanvita akatoka chini ya meza, mikono imeshuka, akainamia simu.

"Huyo mtu arekodi maagizo ya roboti," Evance akasema.

"Mimi simpigii," akasema Mama.

"Basi mchukue mtoto mwende."

Nikapiga mimi. "Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. Nikamweleza shida yetu na agizo la mpira.

"Kwa hiyo kopo liseme kwa mdomo wangu."

"Ndiyo, Mjomba. Utatutawala mpaka Kihonda."

Akasafisha koo. Kisha: "Rekodi. Mwanvita. Chukua mpira. Mpe mama yako. Hana adabu."

Evance akaiingiza vilevile kujaribu. Roboti likasema. Mwanvita akachukua mpira, akamwekea Mama mapajani. Mama akaukumbatia mpira kama mtoto mchanga.

"Nafasi ni yake," akasema Evance. "Hayo maneno ya mwisho nayakata."

"Yakate hata sasa hivi," akasema Mama.

Akayakata, roboti likarudia agizo. Mwanvita akachukua mpira, akasimama nao, akasubiri. Maneno ya mwisho hayakuja. Akaudondosha, akarudi chini ya meza.

Evance akamtazama Mama. Mama akatazama ukuta.

"Yarudishe," akasema.

Sasa kila asubuhi saa nne roboti humtukana mama yangu mbele ya watu, naye hukaa pale, mikono wazi, akingoja mpira.