Talaka Mkononi mwa Nagla

"Galal, pale nyumbani mume ni wewe au ni Nagla?" Subhi aliuliza, akibamiza kete ya dhumna mezani. "Nasikia talaka anayo yeye. Ukikoroma vibaya, unafukuzwa!"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Galal, mchonga viti ambaye mji wote wa Dumyat, Misri, ulimjua kwa mikono yake, akahisi masikio yanawaka moto.

"Talaka juu yangu kama hilo ni kweli!" akafoka.

Wanaume wa Dumyat huapa hivyo, kwa talaka ya mke, kama wanavyopiga chafya: kwa ubishi wa mpira, au kumlazimisha mgeni anywe chai. Lakini Galal alikuwa ameapa uongo. Siku ya ndoa yao, miaka sita nyuma, ni yeye mwenyewe aliyetaka iandikwe kwenye hati kwamba Nagla ana haki ya kujipa talaka, maana mume wake wa kwanza alimwacha kwa kiapo cha namna hiyohiyo, kwa sababu ya goli moja. "Sitaki ukae kwangu kwa woga," Galal alimwambia, na Nagla akalia mbele ya mashahidi.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mke wa Subhi ana ulimi mwepesi kuliko miguu ya mtu.

"Fundi," Nagla alisema. Akimwita fundi, mambo yameharibika. "Umeapa kwa talaka yangu?"

"Ulimi tu, mama. Moyo haukuwemo. Hata masheikh wanasema bila nia hakuna talaka."

"Wanayosema nayajua. Nauliza jingine. Ulinionea haya?"

Angeweza kukiri, akaomba radhi, yakaisha. Badala yake akasema, "Wewe hujui wanaume wakikucheka kunavyouma."

Nagla akajitanda mtandio, akatoka.

Galal alimkuta kwa Sheikh Mitwalli, mwozeshaji wa mtaa. Kalamu ilikuwa imeshawekwa chini. Nagla alikuwa amejipa talaka moja, mbele ya kaka yake na jirani.

Galal akashika fremu ya mlango.

"Usihangaike, mwanangu," Sheikh akanong'ona kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Hii ni talaka ya kurejeana. Muda wote wa eda, miezi kama mitatu, neno ni lako. Sema 'nimekurejea' sasa hivi, na ni mkeo, atake asitake."

Neno likamjaa kinywani kama maji kwa mtu anayezama. Akamtazama Nagla. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili, amefumba macho, kama anayengoja kofi. Galal hakuwahi kumwinulia mkono hata siku moja. Na bado Nagla alikuwa anamwogopa.

"Sisemi," Galal akasema, na kilio kikamtoka, kilio cha kitoto, kamasi na yote. "Mpaka aniite mwenyewe. Nishuhudieni."

"Watakucheka, shemeji," kaka yake Nagla alisema kwa huruma.

"Wameshanicheka."

Kesho yake alisimama mkahawani akawaambia kwamba alidanganya, kwamba haki ile Nagla alipewa na yeye kwa mkono wake. Safari hii hawakucheka.

"Mrejee, bwana, usiwe bwege!" Subhi akamsihi. "Neno moja tu! Unangoja nini?"

Wakamrai wiki baada ya wiki. Galal akaacha kula. Akaharibu viti sita vya bibi harusi wa watu, na patasi ikamponyoka ikampasua kidole gumba. Usoni alibaki mifupa.

Adhuhuri moja, eda ikikaribia ukingoni, simu ililia karakanani.

"Kwa hesabu yangu zimebaki siku mbili," Nagla alisema.

"Najua. Nakufa, Nagla."

"Na husemi?"

"Naogopa. Nikilisema nitakupata, halafu kila asubuhi nitajiuliza kama umerudi au nimekuteka."

Galal alisikia pumzi zake, na birika likichemka mahali fulani nyuma yake.

"Basi ziache zipite."

"Kisha?"

"Kisha utakuwa mtu baki, kama wanaume wote. Na mtu baki akitaka mke hubisha hodi."

"Utanifungulia?"

"Sijui."

Simu ikakatika. Galal akaketi chini katikati ya maranda, akaziba kinywa chake kwa viganja vyote viwili, asije akalisema neno lile.