Kilo Alizozimwaga Gogo

Gogo aliingia kwenye ukumbi wa mazoezi amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, na jua lilikuwa linawaka huko nje. Mimi nilikuwa naanika vitambaa vya kufungia mikono kwenye kamba za ulingo. Midomo yake ilikuwa imepasuka na mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona hivyo, unaumwa?"

"Nimekuja kumpiga mjukuu wako."

Alisema kwa adabu kabisa, akainama kuvua viatu.

Mjukuu wangu ni Msumari. Wiki mbili zilizopita alipanda uzito akamfuata Gogo, maana wa uzito wake kashawamaliza wote. Gogo akamshinda kwa pointi. Alimvunja pua, akampasua juu ya jicho mpaka mfupa ukachungulia. Nyumbani tukasema ndiyo basi, jina linafutwa kwenye ile orodha ya mabondia bora wa uzito wote. Wanaoiandika hujiuliza: hawa wangekuwa na kilo sawa, nani angempiga nani? Orodha ikatoka. Msumari kashuka kutoka wa pili hadi wa tatu, basi. Kapigwa na mtu mkubwa kuliko yeye, wakaandika, na kamaliza amesimama. Gogo aliyempiga hakuwemo hata mkiani. Walisema amebebwa na mwili.

Neno hilo ndilo lililokuwa linamla.

Akapanda kwenye mizani iliyo karibu na mlango. Kocha akasogea, akatazama mshale, akautazama tena.

"Umefanya nini wewe?"

"Sili, sinywi, nakimbia na makoti." Akayavua, mbavu zote nje. "Sasa mimi na yeye ni sawasawa. Huo mwili wa kunibeba uko wapi? Aje."

"Kaka, nenda nyumbani ukanywe maji," Msumari akamwambia. Kidonda cha juu ya jicho kilikuwa bado na nyuzi. "Ulinishinda, mbona nimeshakubali."

"Umekubali wewe. Wao je?"

"Nitawaambia."

"Utawaambia lini, ukishazeeka hapo kwenye nafasi yangu?"

Akamtemea mate, lakini mate hayakuwepo. Ulitoka upepo mtupu, na mtu mmoja nyuma akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu. Gogo alirusha ngumi kavu, bila glovu, moja kwa moja kwenye zile nyuzi. Damu ikamjaa mjukuu wangu jichoni.

Msumari akapandwa na wazimu. Alimpiga ubavuni, chini ya ini, nikasikia mlio kama gunia linalodondoka kutoka kwenye lori. Gogo alijikunja, akajikunjua, akarudisha. Ngumi zake zilijua njia, ila zilichelewa kufika. Msumari akamvunja jino, likaruka mpaka kwenye ndoo yangu. Kocha aliingia kati, akala kiwiko cha shingo, akakaa chini.

"Kaa chini, kaka!" Msumari alikuwa anapiga huku analia. "Kaa chini, nakuomba!"

"Bado."

Gogo alijivuta juu kwa kushika vitambaa vyangu, vyeupe, vikawa vyekundu. Akainua mikono. Ngumi ya mwisho ilimkuta kidevuni, akaanguka na kisogo kwenye ukingo wa jukwaa la ulingo. Macho yakageuka meupe. Miguu ikarusharusha kama ya kuku aliyechinjwa. Kocha alitia vidole mdomoni kuuvuta ulimi, akang'atwa mpaka akapiga kelele.

Hospitali walimtundikia dripu, siku ya tatu akafumbua macho. Mkewe alitusubiri mlangoni, mimi na Msumari.

"Shemeji, atakuuliza. Ukimwambia alikushinda, atapona na atajikausha tena kumfuata mwingine. Daktari kasema figo hazitaki tena mchezo huo. Mwambie ulimpiga."

"Lakini hakuwa yeye, shemeji. Nilimpiga mgonjwa."

"Mwambie."

Tukaingia. Uso wa Gogo ulikuwa umevimba kama unga ulioumuka, sauti haitoki vizuri.

"Sikumbuki kitu, kaka. Ilikuwaje?"

"Nilikupiga."

"Kwa kilo sawa?"

"Kwa kilo sawa."

"Mimi sikukugusa?"

Mjukuu wangu alikuwa na plasta mpya juu ya jicho, nyekundu katikati.

"Hukunigusa. Hii ni ya lile pambano la kwanza."

Gogo akaitazama ile plasta kwa muda mrefu.

"Basi wale watu wa orodha wanajua kazi yao," akasema, akageukia ukutani.

Mkewe alimfunika mabega, akatuonyesha mlango kwa macho. Kwenye korido Msumari alitembea mbele yangu mpaka mwisho. Halafu akaupiga ukuta kwa mkono wa kulia, ngumi moja tu, na mimi nikasikia mfupa ukikatika.