Kitambaa Juu ya Betri

Betri ya chumba chetu cha maombi hapa Rugenge nilikabidhiwa mimi. Ni betri ya asidi, kubwa, ya gari la mizigo, na ndiyo iliyowasha taa na kipaza sauti. Paneli ya jua iko juu ya bati. Clovis, fundi wa Kalundu aliyeifunga, alikaa nami karibu saa nzima akinieleza. Iwekwe penye hewa, mbali na moto. Anayeongeza maji avae glavu na miwani. Asidi ikimrukia mtu, dawa ni maji, maji mengi, mpaka mkono uchoke. Na isifunikwe hata kidogo.

Nilimwuliza kwa nini isifunikwe.

"Iko inapumua, mama," alisema. "Ukiichaji, inatoa hewa. Ile hewa inashika moto kuliko esansi ya pikipiki."

Nilicheka, nikidhani ananitania.

Kwetu kitu cha ndani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufumwa, kiti kina chake, hata termosi. Na ile betri, nyeusi, yenye ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake, ilikaa chini ya meza ya msalaba, mbele kabisa. Kila nilipopiga magoti niliiona, nikaona aibu mbele za Bwana. Basi tulipokaribia mfungo wa siku tatu nikaivika. Nilitanguliza nailoni, nikaikaza vizuri ili uchafu usiguse uzi, kisha nikaweka kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe. Wamama walinisifu. Nilimshukuru Mungu kwa mikono yangu.

Siku ya tatu ya mfungo, saa tisa mchana, tulikuwa tumefunga madirisha kwa sababu ya vumbi la barabara. Jua lilikuwa limeichaji betri tangu asubuhi. Tulisali kila mtu na mshumaa wake. Kipaza sauti kikaanza kukatika, na Papa Donatien, kiongozi wetu, akamwashiria Feza aangalie nyaya.

Feza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea. Ni mshonaji, na wakati ule alikuwa na nguo kumi na mbili za komunyo ya kwanza mezani kwake. Aliinama, mshumaa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akanyanyua kitambaa na nailoni yake.

Mlio haukuwa mkubwa kama wanavyousimulia sasa. Ulikuwa kama mlango uliosukumwa na upepo. Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Nilimwona amekaa sakafuni, uso na kifua vimelowa asidi, na betri imepasuka juu kama kopo. Mikono yangu ilikuwa bado imeinuliwa kwa maombi. Sikuweza kuishusha.

"Mama mudogo," alisema, pole pole kabisa, "minye sioni."

Mtu akaagiza maziwa, maana huku kwetu maziwa ndiyo dawa ya sumu yote. Mwingine alishakimbilia mawese. Papa Donatien alimwekea Feza mkono kichwani, akaanza kumkemea adui. Bomba la mtaa lilikuwa kavu kwa siku ya tano. Maji pekee mle ndani yalikuwa kwenye bidoni tatu za plastiki tulizoziombea kwa siku zile tatu, kila mgonjwa wa mtaa apate kikombe.

Ndipo mikono yangu ilipokubali. Nilishika bidoni ya kwanza. Papa Donatien akashika mpini pamoja nami.

"Hii ni ya wagonjwa, Mama Irakoze."

"Na huyu ni nani, papa?"

Akaachia. Libérate, jirani yangu, alimlaza Feza ubavu, akamfungua kope kwa vidole. Nikamwaga. Feza aliuma sketi yangu akatetemeka, nami nikamwagia jicho moja maji, kisha jicho lingine, mpaka bidoni ya tatu ikabaki tupu. Sikusali hata neno moja. Kisha tukampakia kwenye pikipiki.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Thierry aliendelea kumwosha kwa muda mrefu, akamfunga macho yote mawili. Nje, Papa Donatien aliwaambia watu kwamba adui ametupiga kwa sababu mfungo wetu ulikuwa na nguvu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilisikia moyo wangu ukitulia ndani ya maneno yale, na utulivu ule ulinitisha kuliko mlio.

Asubuhi Thierry alifungua bendeji, akainua vidole.

"Tatu," Feza alisema kwa jicho la kulia. La kushoto liliona mwanga tu, kama nyuma ya pazia. Thierry alisema labda litarudi, labda halitarudi.

Papa Donatien, aliyekuja kutujulia hali, alianza kumshukuru Mungu aliyemshinda adui. Nikamkatiza.

"Papa, adui hakufuma kile kitambaa. Ni minye. Clovis alinikataza."

Feza aliniangalia kwa jicho lake moja.

"Alikukataza lini?"

"Siku alipoifunga."

"Na weye ukafunika."

"Nilifunika, mwanangu."

Akageukia ukuta. Papa Donatien akatoka bila kuaga. Mimi nilibaki, kwa sababu dawa ya matone ilitakiwa kila saa, na chupa ilikuwa mkononi mwangu. Saa ilipofika nikamwita. Alikawia sana. Kisha akageuka, akafungua jicho.