Hatujambo, Ndugu Mkaguzi

Aliyebuni salamu ya Kiswahili hakuwahi kulazwa katika Nyumba ya Mapumziko ya kijiji chetu. Angelazwa humo kidogo tu, angetupatia jibu la pili. Maana ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo, na hata kama mgongo wako unaoza utasema sijambo kwanza, mengine yafuate. Na yakifika hayo ya kufuata, mgeni ameshapanda gari lake.

Baba yangu, mzee Nzeyimana, alikuwa bingwa wa jibu hilo. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima kule Kirushya mpaka migomba yake ikajulikana, halafu wakati wa kuhamia vijijini tukang'olewa sote na kupangwa kwenye mistari ya kijiji cha ujamaa, upande wa Mabawe. Hakulalamika. Kiswahili alikiokota sokoni na kwenye kazi ya barabara, kwa hiyo alijua bei, alijua salamu na alijua kushukuru. Nyumbani tulisema Kirundi. Mwaka wa vita nyonga yake ikaota uvimbe, madaktari wa hospitali ya misheni wakasema huu hautatibika, na kijiji kikamlaza katika Nyumba ya Mapumziko, nyumba ya wagonjwa wasiopona.

Mimi, Restituta, mwanawe wa pekee aliyebaki, nilitaka akae kwangu. Audax akakataa. Audax alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyosimamia nyumba ile, na alisema kijiji cha mfano hakiachi watu wake wafie vichochoroni, kina nyumba ya matofali yenye bati. Bati lilikuwepo, siwezi kumsingizia. Muuguzi ndiye hakuwepo, kwa sababu alichukuliwa kwenda vitani na baada yake hakuja mtu. Sabuni haikuwepo. Dawa ya maumivu ilikuwa aspirini, siku ambayo ilipatikana. Nilikwenda asubuhi kabla ya shamba la kijiji, nikamgeuza baba na kumfuta, nikarudi jioni nikamgeuza tena, na kutwa nzima katikati alilala kwenye mkojo wake.

Kila nilichouliza, Audax alikuwa na jibu moja. Maji yako wapi? Restituta, kuna vita. Mashuka je? Kuna vita. Mume wangu mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, sikuhitaji kukumbushwa vita na mtu ambaye bunduki aliishika kwenye gwaride la mgambo. Ungemsikiliza Audax ungedhani yule nduli tuliyekuwa tukipigana naye ndiye aliyevuka mpaka akaja kunywa maji ya mtungi wetu.

Siku moja nilipokwenda hospitali kuomba aspirini, Marsiana, muuguzi niliyesoma naye, alinivuta pembeni.

"Anakuja mkaguzi kutoka mkoani," aliniambia. "Anakagua nyumba zote za wagonjwa wasiopona. Akiona yenu haifai, wagonjwa wote wanaletwa kwetu. Tuna wodi kule nyuma, na tuna sindano ya maumivu. Akiona inafaa, basi. Vitanda vyetu vimewekwa kwa watu wanaopona na kwa majeruhi, haturuhusiwi kumchukua mtu ambaye kijiji chake kinamtunza vizuri."

"Hiyo sindano inasaidia kweli?"

"Kupona hatapona, dada. Lakini atalala."

Tangu siku hiyo sikuomba tena baba apone. Kanisani watu waliombea ushindi, wengine mvua. Mimi nilipiga magoti nikaomba nyumba ifeli.

Audax naye alijiandaa. Alileta mablanketi mapya kutoka ghala la kijiji, yale yaliyochangwa kwa ajili ya askari, akafunika kila mgonjwa mpaka kidevuni. Alichoma majani ya mikaratusi ndani ili harufu ifie humo. Kisha akasimama katikati ya vitanda na kuwafundisha watu wanaokufa jinsi ya kujibu.

"Mgeni akisema hamjambo, tunajibu nini?"

"Hatujambo," walijibu kwa sauti za kukwaruza. Bi Odeta wa kitanda cha mlangoni, ambaye alikuwa hawezi hata kumeza uji, alijibu kwa midomo tu.

"Kwa sauti. Hatujambo, Ndugu Mkaguzi."

Nilikuwa nimesimama na beseni langu. Nilitamani kumvika kichwani.

"Unawafundisha kusema uongo," nilimwambia.

"Ninawafundisha adabu. Wewe unataka kijiji kiaibike wakati vijana wetu wanamwaga damu?"

"Na baba yangu anamwaga nini?"

Baba ndiye aliyenijibu, kwa Kirundi, taratibu: "Mwanangu, mgeni hapewi shida zako mlangoni. Anapewa kiti."

Hapo ndipo hasira yangu ilipogawanyika, nusu kwa Audax, nusu kwa huyu mzee aliyelala juu ya kidonda chake akinifunza ukarimu. Waswahili wana neno lao, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba alikuwa anaficha maradhi ambayo kila mtu aliyaona, na kifo kilikuwa kimeshaketi kwenye ukingo wa kitanda.

Mkaguzi alifika kwa Landrova asubuhi, kijana wa makamo aliyevaa suti ya Kaunda, Ndugu Privatus. Sikumwona kuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumshikia. Alivua kofia alipoingia. Alisalimia kila kitanda.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, Ndugu Mkaguzi."

Uso wake ukachangamka. Waswahili wengine husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa muda ule mfupi nyumba nzima ilikuwa imepona.

"Wanarara vizuri, wanakura vizuri," alisema Audax akimfuata nyuma. "Matatizo hayakosekani, unajua kuna vita. Rakini umoja upo."

Mkaguzi akafika kwa baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

"Unaendeleaje?"

"Nzuri. Nzuri sana. Habari za safari?"

"Njema, mzee. Hapa wanakutunza?"

"Nashukuru."

Alikuwa anatokwa jasho usoni asubuhi ya baridi, na mkono wake chini ya blanketi ulikuwa umekamata ubao wa kitanda. Mkaguzi aliandika neno moja kwenye karatasi zake, akageuka kwenda kitanda kingine. Nikaona wodi ya nyuma na sindano ya Marsiana vinaondoka naye.

"Ndugu Mkaguzi," nilisema, "muulize kama anasikia maumivu."

"Restituta," Audax alinikatiza.

"Muulize."

Mkaguzi alirudi. "Mzee, una maumivu?"

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Neno maumivu hakulijua. Sokoni haliuzwi, na kwenye kazi ya barabara hakuna aliyemuuliza. Nikamwinamia nikamuuliza kwa lugha yake, kwa heshima yake: "Data, murababara?"

Sijui kama ni lugha au ni sauti yangu. Alifumba macho.

"Ndababara," alisema. "Ndababara."

Nani asiyelielewa neno hilo, hata kama hakuzaliwa nalo? Lilitoka kwenye mifupa. Bi Odeta kule mlangoni alianza kulia. Mkaguzi alimgeukia Audax, Mhangaza, ambaye lugha ya kwao ni ndugu wa Kirundi, na ambaye alilielewa kama nilivyolielewa mimi.

"Anasemaje?"

"Anasema anaumwa," alijibu Audax.

"Aa." Mkaguzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Ni kweli anaumwa. Pole sana, mzee. Hapa wote wanaumwa, ndiyo maana wakaletwa."

Kiswahili kina utajiri, tuliambiwa shuleni. Kina maneno ya bahari, ya biashara, ya siasa. Lakini mwenye malaria anaumwa, mwenye mafua anaumwa, na mtu ambaye mifupa yake inaliwa akiwa hai naye anaumwa, na Audax alilijua hilo, akachagua neno ambalo hakuna mtu angeweza kumshitaki nalo. Alikuwa amesema kweli.

Nikaliweka beseni chini.

"Ndugu Mkaguzi, nisaidie kumgeuza mzee. Mimi humgeuza peke yangu, leo mikono haina nguvu. Shika hapa begani."

"Mgeni hafanyishwi kazi," alisema Audax haraka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu simpi jembe, namwomba ashike bega."

Kijana aliyelelewa hawezi kukataa kumwinua mzee, na yule alikuwa amelelewa. Alichomeka kalamu mfukoni, akapitisha mikono miwili chini ya mgongo wa baba. Mimi nikashika nyonga. Baba alielewa ninachotaka kufanya. Alinisihi kwa macho nisifanye, nami nilimwona, na nikavuta blanketi la askari likaanguka sakafuni.

Tulimgeuza. Shuka ilikuwa imegandamana na ngozi, ikabanduka nayo. Harufu ilipanda ikaishinda mikaratusi. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu, na katikati yake palionekana kitu cheupe ambacho hakikuwa usaha. Baba aliguna, mguno mmoja, wa chini. Halafu, huku uso wake umelala kwenye godoro la majani, akasema kwa Kiswahili safi kuliko chote nilichowahi kukisikia kinywani mwake:

"Nisamehe, mgeni."

Mkaguzi alibaki ameinama. Aliitoa mikono yake polepole, ikiwa imelowa mpaka kwenye vifundo, akaishika mbali na suti yake.

"Naomba maji," alisema.

Audax alitazama mtungi. Mtungi ulikuwa mkavu, maji yote yaliyotekwa asubuhi yalikwenda kupika kuku wa mgeni.

"Naomba maji ninawe," alisema tena, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Hii ni nyumba ya wagonjwa. Hakuna maji?"

"Kuna vi..." Audax alianza, akameza neno. Akakimbilia meza ya mapokezi, akarudi na chupa ya chai. Basi mkaguzi wa mkoa akanawishwa usaha wa baba yangu kwa chai ya maziwa yenye sukari, mbele ya vitanda vyote. Sikucheka. Nilifikiri jinsi ambavyo baba alisema ndababara mara mbili, na haikutosha, mpaka mkono wa mtu mwenye karatasi uliponata. Hapo ndipo alipokasirika. Alimfokea Audax mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mimi nilisimama pale nikiichukia hasira yake kwa kuchelewa.

Nyumba ilifeli. Wiki hiyohiyo lori la halmashauri lilikuja kuwachukua wagonjwa. Bi Odeta hakulisubiri, tulimzika siku moja kabla. Baba alipandishwa, nami nikakaa karibu na kichwa chake nikimkinga na mitikisiko. Alikuwa amegeuzia uso ubao wa lori.

"Baba, kule kuna sindano. Utalala."

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," alisema. Alisema kwa Kiswahili, baba yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunisemesha kwa lugha ile. Kiswahili alikitumia kwa watu wa nje.

Marsiana alitimiza ahadi yake. Sindano ya kwanza ilipoingia, vidole vya baba viliachia ukingo wa kitanda kimojakimoja, na alilala mchana kutwa bila kukunja uso. Masista walimuosha kwa maji ya moto. Aliwashukuru wote, mmojammoja, kwa majina. Mimi nilipomlisha alifungua kinywa na kutazama ukuta. Nilipomsalimia, alinijibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Ni hayo tu aliyonipa, asubuhi na jioni, kama anavyopewa mpita njia, mpaka alipofariki usingizini bila maumivu. Tulimzika Mabawe. Audax alikuja msibani, akasimama akasema marehemu alikuwa mtu wa subira asiyewahi kulalamika, na watu wakaitikia kwa vichwa. Nilimwambia akae chini. Wanawake wakanishika mikono, wakadhani ni uchungu wa kufiwa.

Walipoondoka wote nilibaki kaburini. Shangazi zangu walikuwa wameniagiza nimwombe radhi, kwamba mzazi akifa amenuna mtoto hana amani. Nilichuchumaa juu ya udongo ule mbichi na sikumwomba. Nilimwambia kwa Kirundi, lugha aliyoninyima, kwamba ningemvua tena, mbele ya mkoa mzima, na kwamba nimemkasirikia na nitaendelea kumkasirikia. Nikamsubiri anijibu kwa lugha yetu.